Adhabu ya kifo kwa ubakaji nchini Marekani

Adhabu ya kifo kwa kosa la ubakaji ilitekelezwa Marekani kwa mara ya mwisho mwaka 1964. Tangu 1930, wanaume 455 walikuwa wameuawa kwa kosa hilo. 405 kati yao walikuwa weusi. Mmoja wao, Willie McGee wa Laurel, Mississippi, alitiwa hatiani mwaka 1945 na baraza la wazee wa mahakama lenye wazungu pekee, lililojadiliana kwa muda usiofika dakika tatu. Mei 8, 1951 aliuawa ndani ya jengo la mahakama, kwa kiti cha umeme kilicholetwa na gari. Sheria iliyotumika hivyo haikuwa ngao ya wanawake.

Katika kesi ya Coker dhidi ya Georgia (1977), Mahakama ya Juu iliamua kuwa kifo ni adhabu iliyopita kiasi kwa kumbaka mtu mzima. Kesi ya Kennedy dhidi ya Louisiana (2008), kwa kura 5 dhidi ya 4, iliupanua uamuzi huo hadi kwa waliobaka watoto bila kuwaua. Baadhi ya vyama vinavyowatetea waathirika viliunga mkono msimamo huo. Mbakaji wa mtoto mara nyingi ni ndugu au mtu anayejulikana na mtoto. Mtoto akijua kwamba maneno yake yatamuua mjomba au baba wa kambo, hunyamaza, na familia humnyamazisha. Mbakaji naye hukosa sababu ya kumwacha hai shahidi pekee. Hoja hizi zinaizidi hasira kwa uzito, ingawa hasira yenyewe ni halali kabisa.

Hata hivyo, mwaka 2023 Florida ilipitisha sheria inayokwenda kinyume na uamuzi wa 2008.