Wino Kwanza, Kalamu Baadaye



Katika miezi ya karibuni vijana kadhaa, wengi wao washairi chipukizi, wameniuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: "Mwalimu, nataka kuanza kuandika kwa kalamu ya nibu. Ninunue ipi?" Swali hilo hunifurahisha, kwa kuwa sikutarajia kizazi cha simu za mkononi kiitamani kalamu tuliyopigiwa viboko kwa kuimwaga wino. Hata hivyo, mimi humjibu muulizaji kwa swali jingine: utaandika nini, na unataka kisomwe lini? Anayeanza kwa kuchagua kalamu ameanzia katikati ya njia. Historia ya maandishi yetu yafundisha kuanzia kwenye wino, na somo hilo mimi nililipata kwa hasara, kama nitakavyosimulia.

Tuanze na majina, kwani hapa ni barazani pa wanalugha. Neno "kalamu" tumelipokea kutoka Kiarabu, nalo lina nduguye katika Kigiriki, kalamos, lenye maana ya tete. Kwa hiyo kila tunaposema kalamu tunataja mmea, hata kama tulichoshika ni chuma au plastiki. "Dawati" nalo lina siri yake. Kwa Kiarabu asili yake ni chombo cha wino. Kwetu jina la chombo likahamia kwenye meza iliyokibeba. Mwanafunzi anayekaa leo kwenye dawati lisilo na tone la wino amekalia kumbukumbu ya kidau. Ama "kalamu ya wino", jina hilo siku hizi limepanuka mno. Wengi huliita hivyo lolote lisilo la risasi. Katika makala haya nitasema "kalamu ya kujaza", yaani ile yenye nibu mbele na hazina ya wino tumboni.

Kabla ya kalamu ya kujaza kulikuwa na tete. Mwandishi wa pwani alilikata likiwa kavu, akalichonga ncha kwa kisu kikali, akaipasua katikati ili wino uteremke, kisha akaikata ncha hiyo kwa mshazari ili mstari uwe mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine. Kwa zana hiyo ziliandikwa nakala za Qur'ani za Siyu, katika kisiwa cha Pate, mji uliosifika kwa waandishi wake wa vitabu. Kwa hati ya Kiarabu na kwa lugha ya Kiswahili ziliandikwa Kilwa, mwaka 1711, barua ambazo hadi leo zimehifadhiwa Goa, nchini India. Na mwaka 1728, huko Pate, Bwana Mwengo wa Athumani aliutunga Utendi wa Tambuka.

Msomaji wa tenzi za kale anajua desturi yake ya ufunguzi: mtunzi, kabla hajaingia katika kisa, huagiza aletewe karatasi, wino na kalamu. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye utendi wake mwaka 1858, naye alimwita mtoto akae karibu na kutwaa wino na karatasi. Nilipokuwa nikifundisha, nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba huo ni mtindo tu wa kufungulia utendi. Siku hizi nauona kwa jicho jingine. Mama yule alikuwa mgonjwa, na alitaka maneno yake yamfikie binti hata kama yeye hatakuwepo. Wino aliouagiza ndio uliokuwa chombo cha kuyafikisha.

Sasa wino wenyewe. Waarabu wa kale walikuwa na majina mawili. Midād ni wino wa masizi: masizi laini yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi ya migunga na maji. Hibr ni wino wa chuma: chumvi ya chuma iliyokutanishwa na tanini ya vinundu vya miti. Hizo ni tabia mbili tofauti. Masizi ni kaboni. Hayapauki kwa jua wala kwa miaka, lakini hukaa juu ya karatasi, na kwa hiyo yaweza kusuguliwa au kuoshwa kabla hayajashika vizuri. Wino wa chuma huteremka ukiwa na rangi hafifu, kisha hugeuka mweusi unapokutana na hewa, ukauma ndani ya nyuzi za karatasi. Huo hauoshwi kwa urahisi. Lakini ukizidi ukali, baada ya miaka mingi huila karatasi yenyewe.

Waswahili walijua pia wino wa tatu, uliotengenezwa makusudi uoshwe. Katika uganga wa kombe, aya huandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, kisha huoshwa kwa maji, na mgonjwa akanywa maji hayo. Jamii hiyo moja, basi, ilikuwa na wino wa kubaki na wino wa kuondoka, wala haikuchanganya kazi za hizo mbili. Hakuna aliyeiandika Qur'ani ya kurithisha wajukuu kwa wino wa kombe.

Mchanganyo huo tulikuja kuufanya sisi, na chanzo chake ni uzuri wa kalamu ya kujaza. Ndoto ya kalamu hiyo ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Katika karne ya 10, al-Mu'izz, khalifa wa Kifatimi, anasimuliwa kuwa alitaka kalamu inayobeba wino wake ndani, isiyochafua mikono wala nguo. Mwaka 1827 Petrache Poenaru, mwanafunzi Mromania aliyekuwa Paris, alipewa hataza ya Ufaransa kwa kalamu ya namna hiyo. Mwaka 1884 Lewis Waterman alipata hataza yake Marekani kwa ulimi wenye vijia vyembamba chini ya nibu: wino unashuka, hewa inapanda kujaza nafasi yake, na matone hayadondoki ovyo.

Vijia hivyo vyembamba ndivyo vilivyobadili wino. Masizi na gundi vikikauka humo, kalamu imekufa. Wino wa chuma ukiwa mkali hula vyuma. Kwa hiyo watengenezaji wakaelekea kwenye rangi zinazoyeyuka majini kama sukari: laini, nzuri, zisizoziba kitu, na nyingi zikafulika nguoni, jambo lililowapendeza akina mama wa wanafunzi. Lakini kinachoyeyuka majini hakiwi rafiki wa maji. Makarani hawakulisahau hilo. Huko Uingereza vitabu vya kusajili vizazi, ndoa na vifo viliendelea kudai wino wa chuma, ndiyo maana upo hata leo wino uitwao wa msajili.

Kwetu bara, kalamu ya nibu iliingia pamoja na hati ya Kilatini, shule na ofisi. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza Dar es Salaam mwaka 1923, likawa uwanja wa washairi wa pwani na wa bara waliotuma beti zao kwa posta. Shaaban Robert aliajiriwa katika forodha tangu 1926, baadaye akahudumu Longido katika idara ya wanyamapori. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958 zilichapishwa na kuwa kitabu. Mtu wa Rungwa, kijiji kinachopakana na pori la akiba, humwona Shaaban Robert wa Longido kama jirani: karani katikati ya wanyama, anayeandika. Tungejua nini leo kuhusu moyo wake wa ndani kama barua hizo zingefutika?

Hapa ndipo hasara yangu inapoingia. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, mapema miaka ya 1980, niliporudi likizo nilikaa usiku kadhaa na bibi yangu mzaa mama, mke wa mrina asali. Alikuwa na hazina ya methali, mafumbo na nyimbo za mizinga: za kumsifu nyuki, za kumkaripia mrina mvivu, za kuupa pole mti uliochomwa bila sababu. Niliandika yote kwenye daftari chini ya mwanga wa kibatari, kwa kalamu ya kujaza niliyojivunia kupita kiasi na kwa wino wa buluu wenye mng'aro. Kwenye lebo ya chupa palikuwa na maneno ya Kiingereza yaliyosema kwamba wino huo hufulika. Niliyasoma, nikafurahi kwa ajili ya shati langu jeupe.

Bibi alifariki. Miaka ikapita, nikihamishwa shule moja hadi nyingine, na daftari likabaki nyumbani sandukuni. Msimu mmoja wa mvua paa lilivuja juu ya sanduku hilo. Nilipolifungua nikakuta kurasa nzima zimegeuka mawingu ya buluu, kama anga iliyochorwa na mtoto. Hapakuwa na ubeti hata mmoja uliosomeka ukaisha. Kilichosalia ni tarehe na majina ya miti ambayo nilikuwa nimeyaandika pembezoni kwa penseli, usiku ambao wino uliniishia. Risasi ya penseli ni kaboni, ndugu wa masizi. Kitu duni kuliko vyote mezani kilitunza alichopewa. Kalamu yangu ya fahari haikutunza.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kutokana na yangu: hata daftari bila wino wa kufaa, habari huisha vilevile.

Ndiyo sababu nawashauri wanaoanza wafuate mpangilio huu.

Kwanza, amua kazi. Mazoezi ya mwandiko, shajara ya siku na rasimu za beti zitakazonakiliwa tena hazihitaji zaidi ya wino wa kawaida. Lakini maneno ya mzee uliyeketi naye, nakala ya mwisho ya utenzi wako, au barua ya wosia, yapewe wino wa kudumu. Leo zipo wino za chuma zilizopunguzwa ukali kwa ajili ya kalamu za kujaza, na zipo za kaboni iliyosagwa mno, mfano Platinum Carbon Black ya Japani, ambazo hupita kwenye vijia. Zote mbili zadai kalamu itumike mara kwa mara na ioshwe kwa wakati. Ukinunua wino wowote, ujaribu: andika mstari, uache siku moja, kisha umwagie maji. Jaribio hilo lingeniokolea bibi yangu.

Pili, ndipo utafute kalamu. Ya bei ndogo yenye nibu ya chuma cha pua yatosha kabisa. Platinum Preppy ya Japani ni njia nyepesi ya kuanzia. Lamy Safari ya Ujerumani, iliyotoka mwaka 1980, ina mshiko wenye pande unaovifundisha vidole mahali pa kukaa. Hero ya Shanghai watu wa umri wangu wanaikumbuka. Kwa karatasi za madaftari yetu ya shule, chagua nibu nyembamba, yenye herufi F au EF, maana nibu nene humwaga wino mwingi na maandishi yakatambaa hadi ukurasa wa pili. Usiikandamize. Kalamu ya tufe, ile ya László Bíró aliyeipatia hataza mwaka 1938, ilituzoesha kubonyeza. Nibu yataka kulazwa kidogo na kuachwa iteleze kwa uzito wake.

Tatu, osha. Kila unapobadili wino, pitisha maji baridi hadi yatoke meupe. Maji ya moto huharibu plastiki. Visima vingi vya mkoa wetu wa Singida vina maji ya chumvi, kwa hiyo mimi hukinga maji ya mvua na kuyaweka chupani kwa kazi hii. Kiangazi, vumbi la barabara ya kutoka Itigi kwenda Chunya huingia hata ndani ya kabati; kalamu isiyo na kifuniko hukauka kabla hujapata kina cha mstari wa pili.

Na asiye na fedha asikate tamaa. Tete lipo bondeni, masizi yapo chini ya sufuria, gundi ipo kwenye migunga. Chonga, saga, changanya, andika. Ila wino huo usiutie kamwe ndani ya kalamu ya kujaza. Ni wa tete peke yake, kama ilivyokuwa Siyu.

Mimi sasa nimerudi kwenye mizinga. Katika wazee waliomjua bibi, wamebaki wachache wanaokumbuka kipande hapa na kipande pale, na kila mmoja ana namna yake ya kumalizia wimbo. Naandika namna zote, sizisahihishi, kwa wino wa chuma. Unapotoka kwenye nibu ni hafifu kiasi kwamba mzee mmoja aliyekuwa akinichungulia aliniuliza kama kalamu yangu imeishiwa. Nilimwomba angoje. Tulipomaliza kunywa chai, maneno yake yalikuwa yamekuwa meusi.