Masista Walimu na Elimu ya Wasichana: Kutoka Unguja Hata Dodoma

Katika jubilei ni desturi kuwakumbuka Maaskofu na Mapadre, na kuyahesabu makanisa yaliyojengwa. Jambo hilo ni jema. Lakini iko kazi nyingine iliyotendeka kimyakimya, nayo ni kazi ya Masista walimu. Sisi wa Makole, pamoja na Jimbo lote, yatupasa kuijua asili yake.

Mwaka 1860 Padre Fava alifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, pamoja na Masista sita wa shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1849, mara baada ya utumwa kukomeshwa kisiwani humo, nalo liliwapokea weupe na weusi pasipo ubaguzi. Basi, katika mji ambao watu walikuwa wakiuzwa sokoni, Masista hao waliwatunza wagonjwa, wakawafundisha wasichana waliokombolewa. Mwaka 1868 misheni ya Bagamoyo ilifunguliwa, na huko nako wakawalea wasichana vivyo hivyo.

Lakini wageni walikuwa wachache, na bara ni pana. Ndipo Askofu Lechaptois alipoanzisha shirika la Masista Waafrika huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1907. Tena mwaka 1928 Askofu Hinsley, mjumbe wa Baba Mtakatifu, aliwahimiza Maaskofu waliokutana Dar es Salaam waitangulize kazi ya shule, hata ikibidi ujenzi wa makanisa ungoje.

Hiyo ndiyo hali iliyokuwapo Prefektura ya Dodoma ilipoundwa mwaka 1935 na kukabidhiwa Mapadre Wapasionisti. Huku Ugogo mvua ni chache, na ng'ombe ndio akiba ya nyumba. Binti ndiye aliyeteka maji, akatwanga nafaka na kuwalea wadogo zake. Naye akiolewa, mahari yake iliingia zizini. Mzazi aliyempeleka shuleni alijinyima msaada wa leo kwa ajili ya faida asiyoiona bado. Kwa hiyo kabla ya kumfundisha binti kusoma, ilimpasa mwalimu kuaminiwa na mama yake. Ndiyo maana ni neema kubwa kwamba Dodoma ilipata shirika lake yenyewe, la Masista wa Mtakatifu Gemma, yule bikira wa Italia aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1940. Sista aliyezaliwa katika nyumba kama zetu hulijua neno la kumwambia mama huyo.

Baadaye likaja jaribu. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku zilitwaliwa na Serikali. Wengi walidhani kazi imekwisha. Kumbe majengo yaliondoka mikononi, lakini maarifa hayakuondoka. Wasichana waliofundishwa walikwisha kuwa mama, wauguzi na walimu, nao wakawafundisha wengine. Na mlango ulipofunguliwa tena, mashirika ya Masista yakaanzisha shule mpya.

Basi, enyi walimu, msiwapime Masista kwa kuta walizojenga, bali kwa watu waliowalea. Nanyi wazazi, msimtoe binti shuleni kabla hajamaliza, hata mwaka wa njaa. Mwenyezi Mungu awalipe Masista wetu, walio hai na waliolala.