Kufuli lipendelealo wasomaji

Simu nyingi za Android zinazouzwa Tukuyu, na madukani Kawetele pia, zina viini vinane vya kuchakata, na chini ya programu zote imo kerneli ya Linux. Kerneli naiacha iitwe kerneli: wapo waliokwisha kuiita kiini, nasi tungebaki na viini vya aina mbili katika sentensi moja.

Viini hivyo husoma orodha zilezile za kerneli: njia za mtandao, mafaili, kurasa za kumbukumbu. Kufuli la kawaida linalolinda orodha huingiza kiini kimoja, vingine vikangoja. Kufuli la wasomaji na waandishi huruhusu wasomaji waingie pamoja, lakini kila aingiaye huongeza hesabu ya waliomo, nayo hesabu iko mahali pamoja. Kuiongeza ni kuandika. Kiini kimoja kikiandika, nakala zilizo katika akiba za vingine hubatilika, zikalazimika kuletwa upya. Wasiogombea chochote ndani wanagombania mlango, na kila kiini kinachoongezwa hubana zaidi.

Kufuli lipendelealo wasomaji humtwika mwandishi mzigo huo. Katika mfumo endeshi wa FreeBSD msomaji hujiandikisha kwenye daftari la kiini chake tu. Mwandishi ndiye avizungukiaye viini vyote kuuliza nani yumo. Paul McKenney na Jack Slingwine, wakiwa katika kampuni ya Sequent nchini Marekani miaka ya 1990, walikwenda mbali zaidi kwa mbinu ya RCU, iliyoingia Linux mwaka 2002. Kwa mfano, mnunuzi wa parachichi anayefuata RCU hafuti bei ubaoni watu wakisoma. Anaandika ubao mwingine pembeni, anautundika penye ule wa kwanza, na wa zamani anauvunja tu baada ya wote waliokuwa wakiusoma kuondoka.

Msomaji hafungi kitu, ndiyo maana nasita kuiita RCU kufuli. Tena kwa kitambo wasomaji wawili huweza kuona bei mbili. Kwa njia za mtandao hilo huvumilika; salio la fedha nisingelikabidhi huko.

Linux 6.4 ya Juni 2023 iliongeza makufuli madogo kwa kila eneo la kumbukumbu ya programu, na eneo lenyewe hutafutwa kwa RCU. Programu yenye nyuzi nyingi, yaani kazi ziendazo sambamba, ikifunguliwa, nyuzi zinazoomba kurasa mara nyingi hazipangi tena foleni kwenye kufuli moja kubwa.