Fundi Asiyeingia Ofisini

Tarehe 9 Desemba 1968, mbele ya wataalamu wapatao 1,000 mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliketi mbele ya kibodi na kifaa kidogo chenye vitufe vitatu, ambacho leo kila karani anakijua kwa jina la kipanya. Kompyuta aliyokuwa akiiendesha haikuwemo ukumbini. Ilikuwa Menlo Park, kiasi cha kilomita 48 kutoka hapo, katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Picha zilimfikia kwa mawimbi ya mikrowevu, na amri zake zilirudi huko kwa modemu.

Katika onyesho hilo la dakika 90, mwenzake Bill Paxton alitokea kwenye skrini akiwa Menlo Park. Wote wawili wakawa wanatazama maandishi yale yale, kila mmoja na alama yake ya kuonyeshea. Lakini Paxton aliweza kuonyesha tu. Haki ya kubadilisha chochote ilibaki kwa Engelbart, na yeye mwenyewe aliueleza umati kwamba imepangwa hivyo makusudi. Mamlaka juu ya skrini ya mtu mwingine yalikuwa jambo la kuamuliwa tangu wakati huo, na yangali hivyo kwa kila ofisi inayomruhusu fundi wa mbali kuingia katika kompyuta zake. Hata hivyo, kwa miaka mingi iliyofuata wahandisi walihangaishwa zaidi na wembamba wa njia ya mawasiliano.

Wembamba huo ulikuwa wa kukatisha tamaa. Programu ya pcAnywhere, ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, ilitoka mwaka 1986, wakati kompyuta za ofisini ziliunganishwa kwa laini ya simu na modemu ya biti 2,400 kwa sekunde, au hata chini ya hapo. Skrini ya maandishi matupu, yenye mistari 25 ya herufi 80, ina herufi 2,000. Kwa modemu hiyo ilihitaji sekunde kama 8 kufika nzima. Ikitumwa sehemu iliyobadilika tu, fundi aliweza kufanya kazi. Kisha zikaja skrini za picha. Skrini ya nukta 640 kwa 480 yenye rangi 16 ina zaidi ya biti milioni 1.2, na kwa modemu ile ile ingechukua zaidi ya dakika 8 kuonekana mara moja. Ndiyo maana ustadi wote wa programu hizi ulikuwa katika kujua nini cha kutotuma.

Zama hizo za modemu zilikuwa na kinga moja ya busara. Fundi akipiga simu na kujitambulisha, kompyuta ya ofisi ilikata simu, kisha yenyewe ikapiga namba iliyokwisha kuandikwa kwenye orodha yake. Aliyeiba nywila lakini hakuwa kwenye simu ile hakupata kitu.

Hatua iliyobadilisha mambo zaidi ilitoka Cambridge, Uingereza, katika maabara ya Olivetti na Oracle iliyoongozwa na Andy Hopper. Mmoja wa watafiti wake, Quentin Stafford-Fraser, alikuwa ameshiriki mwaka 1991 kuelekeza kamera kwenye birika la kahawa la Chuo Kikuu cha Cambridge, ili wenzake waone kutoka kwenye meza zao kama kahawa ipo. Yeye na wenzake, akiwemo Tristan Richardson, walitengeneza programu ya VNC. Kanuni yake ni nyepesi mno: kompyuta moja inaiambia nyingine iweke mstatili wa nukta hizi mahali hapa pa skrini, na nyingine inarudisha mibofyo ya kipanya na vitufe. Kwa kuwa haijali nukta hizo zimechorwa na mfumo gani, mtu mwenye Unix aliweza kuendesha Windows, na mwenye Windows akaendesha Macintosh.

Mwaka 1998 maabara iliitoa VNC bure, pamoja na msimbo wake. Sehemu ya kutazamia ilikuwa ndogo kiasi cha kuenea kwenye flopi moja na kubaki nafasi tele. Shule, maabara na ofisi zisizo na fedha za leseni zilipata chombo kilichokuwa cha wenye mabajeti makubwa, na programu nyingi zilizofuata zilijengwa juu ya msimbo huo. Kwa jambo hilo wahandisi wa Cambridge wanastahili heshima kubwa kuliko wanayopewa. Kasoro nayo ilikuwepo: nywila yake haikuzidi herufi 8, na baada ya kuingia, picha na vitufe vyote vilisafiri wazi bila kufichwa. Maabara ilifungwa mwaka 2002. Baadhi ya waliokuwa wakiifanyia kazi wakaanzisha RealVNC mwaka huo huo.

Microsoft ilipita njia nyingine. Katika toleo la Windows NT 4.0 la 1998 lililohudumia watumiaji wengi kwa seva moja, badala ya kutegemea picha pekee, ilituma maagizo ya kuchora: dirisha hapa, maandishi yale pale. Lakini mtu akiingia hivyo kwenye Windows XP ya 2001, skrini ya mwenye meza ilijifunga. Kwa anayefanya kazi nyumbani hilo halikuwa tatizo. Kwa fundi anayetaka kumwonyesha mhasibu alikokosea, halikufaa kabisa. Kwa hiyo XP ikaja pia na huduma ya pili, ya mwaliko. Mfanyakazi anaomba msaada, fundi anatazama, anaomba ruhusa ya kushika kipanya, na mfanyakazi akibonyeza kitufe cha Esc udhibiti unamrudia mara moja.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa ruta. Ofisi yenye kompyuta 50 huenda ikaonekana nje kwa anwani moja tu, na ruta humkataa mgeni anayebisha bila kualikwa. Kumfungulia kulihitaji kubadili mipangilio ya ruta, kazi ambayo yenyewe ilihitaji fundi awepo pale. TeamViewer, iliyoanzishwa mwaka 2005 nchini Ujerumani, ilizipeleka pande zote mbili kwenye seva yake, nayo ikaziunganisha. Mfanyakazi anamsomea fundi kwa simu namba ya utambulisho na nywila ya muda, basi. Mwaka 2014 waliokuwa wafanyakazi wake walianzisha AnyDesk mjini Stuttgart.

Afrika Mashariki iliingia katika hadithi hii kwa kuchelewa kwa sababu ya njia ya mawasiliano. Hadi 2009 intaneti ya eneo hili ya kwenda nje ilitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 angani. Kwenda na kurudi kwa ishara huchukua kama nusu sekunde, na kipanya kinachochelewa nusu sekunde humfanya fundi apite kitufe anachokitaka, arudi, apite tena. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Mombasa na Dar es Salaam. Mikongo ya TEAMS na EASSy ikafuata. Hapo ndipo msaada kutoka ng'ambo ukawa kazi ya kila siku.

Njia ilipopanuka, suala la mamlaka lilirudi kwa nguvu. Januari 2012 Symantec, iliyokuwa imeinunua pcAnywhere, iliwashauri wateja waizime hadi itakaporekebishwa, kwa kuwa msimbo wake ulikuwa umeibwa mwaka 2006. Februari 2024 AnyDesk ilitangaza kuwa seva zake zimevamiwa, ikafuta nywila zote za tovuti yake ya wateja.

Kwa sababu hiyo uamuzi mzito wakati wa kufunga programu hizi ofisini ni kama fundi ataweza kuingia wakati hakuna mtu mezani. Seva isiyo na mtu mbele yake inahitaji njia hiyo, nayo ilindwe kwa nywila ndefu, uthibitisho wa pili kwenye simu, orodha ya akaunti zinazoruhusiwa na kumbukumbu ya kila aliyeingia. Kompyuta ya karani haihitaji. Ya kwake iwe ya mwaliko, na kikao kikiisha mlango ufungwe.

Mwaliko nao huweza kughushiwa. Mei 2024 Microsoft ilieleza mbinu ya genge lililotumia Quick Assist, programu ya msaada iliyomo ndani ya Windows yenyewe. Kwanza walilijaza sanduku la barua pepe la mfanyakazi kwa barua zisizohitajika. Kisha wakampigia simu wakijifanya watu wa kitengo cha TEHAMA wanaotaka kumwondolea kero hiyo, wakamtajia msimbo wa kuingiza, naye akawafungulia kwa mkono wake. Baadhi ya mashambulizi hayo yaliishia kwa mafaili ya kampuni kufungwa na fidia kudaiwa. Mfanyakazi anayepigiwa simu ya namna hiyo ana haki ya kukata na kupiga mwenyewe namba ya kitengo anayoijua, na mwajiri anapaswa kumwambia wazi kwamba hatalaumiwa kwa kufanya hivyo. Microsoft nayo ilizishauri taasisi zisizotumia Quick Assist ziizuie au ziiondoe kabisa kwenye kompyuta zao.