Owino Uhuru: Faida ya kiwanda, hasara ya mtaa

Kila anapokuja mwekezaji na mradi mkubwa hapa Pwani, la kwanza tunaloambiwa ni ajira. Ni neno tamu, na vijana wetu wanaoshinda maskani bila kazi wanalihitaji. Lakini kabla hatujapiga makofi, tukumbuke yaliyowapata ndugu zetu wa Owino Uhuru, mtaa ulio karibu na Mikindani, Mombasa.

Mwaka 2007 kulianza kazi pale kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Kilipakana na nyumba za watu. Kiliendeshwa chini ya mpango wa EPZ, unaowapa nafuu wawekezaji wanaotengeneza bidhaa za kuuza nje ya nchi. Mojawapo ya nafuu hizo ni kutolipa kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10 ya mwanzo.

Risasi ni sumu ya kimyakimya. Huingia mwilini kwa moshi, vumbi na maji, kisha hujificha kwenye mifupa. Kwa mtoto huharibu ubongo, akawa mzito wa kushika masomo. Kwa mja mzito yaweza kuharibu mimba. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Aliyeanza kupiga kelele alikuwa mfanyakazi wa kiwanda chenyewe. Phyllis Omido aliajiriwa mwaka 2009. Mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha kuwa ana risasi mwilini. Mama huyu aliacha kazi, akawakusanya wakazi, wakaandamana. Alikamatwa, lakini hakunyamaza. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Omido akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman.

Kufunga lango hakukuondoa sumu kwenye udongo wala kwenye damu za watu. Wakazi walikwenda mahakamani mwaka 2016. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na eneo lisafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaiondoa fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa ametimu miaka 17.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wengi hawalitii maanani. Katika hukumu ile ya 2020, kampuni haikubebeshwa lawama peke yake. Sehemu kubwa ya dhima iliwekewa taasisi za serikali, na NEMA, mamlaka ya mazingira, ilipewa asilimia 40. Kwa nini? Kwa sababu kazi ya ofisi hizo ni kumlinda mwananchi, nazo hazikuifanya ipasavyo. Na ofisi ya serikali inapolipa fidia, inatoa hela za nani? Za mlipa kodi. Faida ilikwenda kwa wenye kiwanda. Gharama ikarudi kwa umma, wakiwemo hao hao waliovuta moshi.

Sisemi kwamba kila mwekezaji ni adui. Kampuni kazi yake ni kutafuta faida, na si haramu. Lakini ndiyo maana kuna sheria na ofisi za kusimama baina yake na raia. Ofisi hizo zikilala, mwananchi hana ukuta.

Kwa hivyo tuzijue haki zetu. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapotishiwa, wala halazimiki kuonyesha kwamba tayari kuna aliyedhurika. Kifungu cha 35 kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, ikiwemo ripoti ya athari za mradi kwa mazingira. Na leseni ya NEMA inaweza kupingwa mbele ya Mahakama Maalumu ya Mazingira ndani ya siku 60.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Juni 2019 wana Lamu waliipinga leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe mbele ya mahakama hiyo maalumu, ikafutwa, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wao waliuzuia moshi kabla haujatoka. Owino Uhuru walidai haki baada ya kuuvuta.

Wanazuoni wetu wa fiqhi wana kanuni kwamba kuzuia madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. Basi mwekezaji akija barazani na habari za ajira, tumkaribishe kwa heshima, kisha tumuulize: ripoti iko wapi, nani ameisoma, na moshi utakwenda upande gani? Tuulize mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.