Kutoka manamba hadi namba ya NIDA

Nikiona vijana wa Bariadi wanavyohangaikia namba ya NIDA ili wapate pasipoti, wakafanye kazi Oman, huwa nawakumbuka manamba. Neno lenyewe limetokana na namba. Enzi za Mwingereza, Wasukuma wengi walikwenda kukata mkonge. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na SILABU, ofisi yao ya kuandikisha vibarua. Namba ile ilikuwa ya bwana shamba. Hii ya NIDA ni yako: kati ya tarakimu 20, 8 za mwanzo ni tarehe uliyozaliwa. Tajiri wa ugenini anaweza kukunyang'anya pasipoti, lakini namba uliyoikariri haichukuliki. Waachie na wazazi. Ukipotea, watakuwa na pa kuanzia kukutafuta.