Neno la Askofu wa Carthage

Katika mafundisho ya Kanisa Katoliki ni machache yaliyowatia watu hofu kama lile lisemalo kwamba nje ya Kanisa hakuna wokovu. Walioshikamana nalo kwa ukali walilifanya kuwa hukumu juu ya mataifa yote yasiyobatizwa. Waliolichukia waliliona kuwa ni majivuno matupu. Pande zote mbili zilisahau kuuliza neno hilo lilinenwa kwanza na nani, na walioambiwa walikuwa akina nani.

Aliyelinena ni Cyprian, askofu wa Carthage, mji wa kale uliokuwa katika nchi ambayo leo yaitwa Tunisia. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru watu wa dola yake waitolee miungu sadaka, na Wakristo wengi wakatii kwa kuogopa kifo. Mateso yalipopoa, likazuka swali kama hao walioanguka waweza kupokewa tena. Huko Roma, mwaka 251, padre Novatian alishikilia kwamba wasipokewe, akajitenga na kuwekwa kuwa askofu wa kundi lake. Cyprian aliona Kanisa likipasuka. Mwaka 256, alipojadili ubatizo uliotolewa na makundi yaliyofarakana na Kanisa, ndipo alipoliandika neno lake. Basi shabaha yake ilikuwa hasa wale waliovunja umoja waliokuwa wakiujua. Mpagani asiyepata kusikia Injili hakuwamo katika hoja ile. Tena Cyprian huyo huyo alifundisha kwamba mwanafunzi wa dini akiuawa kwa ajili ya Kristo kabla ya kubatizwa, damu yake yamtosha kuwa ubatizo. Naye mwenyewe alikatwa kichwa kwa ajili ya imani yake tarehe 14 Septemba 258.

Baada ya dola ya Roma kuingia Ukristo, neno hilo lilihama mahali pake. Wengi walidhani kwamba Injili imekwisha kutangazwa pande zote za dunia, na kwa hiyo asiyeamini amekataa kuamini. Katika karne ya 6 Fulgentius, askofu wa Ruspe, naye ni mtu wa Afrika ya Kaskazini, aliweka katika hukumu moja waliofarakana, wazushi, Wayahudi na wapagani. Maneno yake yakachukuliwa na Mtaguso wa Firenze, na tarehe 4 Februari 1442 yakatangazwa kwa mamlaka ya Papa Eugenius IV. Onyo lililowahusu waliotoka likawa sasa hukumu ya wasiopata kuingia.

Miaka 50 baadaye, mwaka 1492, Columbus alivuka bahari, na ikadhihirika kwamba kulikuwa na mataifa makubwa ambayo hayakupata kulisikia jina la Kristo. Katika karne ya 13 Thomas Aquinas alikuwa amewaza habari za mtu mmoja aliyelelewa porini, akasema kwamba Mungu hatakosa kumpelekea nuru au mhubiri. Lakini sasa hakuwa mtu mmoja wa kuwaziwa. Walikuwa watu wasiohesabika. Mwaka 1539, katika chuo kikuu cha Salamanca, padre Francisco de Vitoria aliwafundisha wanafunzi wake kwamba kutoamini kwa asiyesikia si dhambi. Akaongeza kwamba hata waliosikia hawakufungwa kuamini mara moja, maana hakuwa amepata habari za miujiza iliyotendwa mbele yao, bali za ukatili na makwazo mengi. Hakusema kwamba wataokoka pasipo imani. Alichofanya ni kuondoa kosa juu ya kichwa cha asiye na kosa.

Swali hilo halikubaki chuoni. Francis Xavier alifika Ujapani mwaka 1549, akapata wafuasi. Katika barua aliyoandika mwezi wa Januari 1552 alisimulia jinsi Wakristo hao wapya walivyolia walipoambiwa kwamba wazee wao waliokwisha kufa hawana tena msaada, wala sala wala sadaka haziwezi kuwafaa. Walitaka kujua kwa nini Mungu aliye mwema amechelewa kujidhihirisha kwao. Xavier hakulegeza fundisho lake, lakini alikiri kwamba kilio cha rafiki zake kilimwumiza moyo.

Jibu lilikuja polepole. Mwaka 1547 Mtaguso wa Trento ulikuwa umekwisha kukubali kwamba hata nia ya kubatizwa ina nguvu. Mwaka 1863 Papa Pius IX alilirudia neno la kale, lakini akaandika pia kwamba wasioijua dini ya kweli bila kosa lao, wakaishika sheria ya Mungu iliyo mioyoni mwao, waweza kuupata uzima wa milele kwa neema yake. Na padre Leonard Feeney wa Boston alipolishikilia neno lile kwa maana yake kali kabisa, Roma ilimkanusha katika barua ya tarehe 8 Agosti 1949; naye, kwa kukataa kutii, alitengwa na Kanisa mwaka 1953. Alipatanishwa nalo mwaka 1972.

Tarehe 21 Novemba 1964 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake juu ya Kanisa. Miongoni mwa maaskofu waliohudhuria Mtaguso huo alikuwamo Kardinali Laurean Rugambwa wa Bukoba, aliyezaliwa mwaka 1912, miaka 20 tu baada ya Mapadre Weupe kufika Kashozi. Kwa Wahaya wa kizazi chake, kilio cha Wajapani hakikuwa habari ya mbali: wazee waliokufa pasipo kusikia walikuwa babu na bibi zao wenyewe. Sehemu ya 16 ya hati hiyo yasema kwamba asiyeijua Injili bila kosa lake, naye amtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kufuata dhamiri yake, aweza kuokoka. Lakini sehemu ya 14 haikulifuta neno la Cyprian. Yasema kwamba hawezi kuokoka yule ajuaye kuwa Kanisa ni la lazima, kisha akakataa kuingia au kudumu ndani yake. Hivyo, baada ya miaka 1,708, onyo lile likarudishwa kwa wale wajuao, wanaofanana na wale walioandikiwa kwanza.